Zamu Yako

Baba alizijua kopa, shupaza, uru na pau.
Alijifunza kambini, kwa Kiswahili cha kwata,
na jioni za Oli akacheza matatu
(si gari, ni karata)
juu ya kreti ya soda,
akiiangusha ree kwa kiganja
kama anayeua mbu.

Karata zangu mimi hazina mgongo.
Sijawahi kuzishika. Hapa Arua haziuzwi;
niliulizia bei ya pakiti moja:
gunia la mkaa, na kuku juu yake,
na ukikosa bahati, ukiifungua
unakuta vyura watano, wote ndugu.

Basi nachezea kwenye kiigizi.
Kuna mtu, shabiki tu, jina silijui,
alikiunda usiku baada ya kazi, hakulipwa,
karata moja moja hadi zikatimia elfu tisa,
na sheria zote, hata ile ya mwisho
ambayo hakuna aliyewahi kuisoma.
Kosa limebaki moja:
ukiliita joka la mto, linakuja bila kichwa.
Tumelizoea. Wakilirekebisha nitanuna.

Saa nne nafunga kibanda cha kuchaji simu,
kile kilichoegemea ukuta wa chumba cha mama,
naibakiza betri moja ya sola iwe yangu.
Kompyuta hii ya mtumba haina D.
Jina langu ni Candiru, na kwetu hiyo ni taabu:
nilizaliwa mwaka mbaya, wakaniandika nao.
Lakini bila D natokea Caniru,
sauti tupu, haina maana kwa Kilugbara wala kwa lugha yoyote.
Usiku mimi si taabu ya mtu.

Anayenikabili anajiita Ukungu Arobaini.
Hatuna lugha moja. Tuna vitufe vitatu:
Asante. Subiri. Zamu yako.
Kwake vimeandikwa kwa maandishi kama miiba ya samaki;
kwangu ni Kiswahili, kwa sababu nilikiandika mwenyewe.
Kiigizi kinamruhusu yeyote kuongeza lugha,
nikaongeza, wiki sita, neno kwa neno.
Rundo la kuchotea nikaliita akiba.
Mahali zinapokwenda karata zilizouawa
nikapaita makaburini.
Machi tukamzika baba.
Nikarudi, nikafuta, nikaandika: mapumzikoni.
Kwa Kiswahili, basi, hakuna karata inayokufa.
Na ipo moja, ya kijani, ghali,
inayomwinua aliyelala huko
na kumrudisha mezani kwa zamu moja tu.
Ninayo. Siitumii ovyo.

Juzi nimebakiwa na uhai wa alama mbili,
nimeishika hiyo ya kijani,
betri ikalia mara moja, ikazima.
Umeme wa mjini ulikuwa umekwenda tangu magharibi.
Sheria ni dakika tano: usiporudi, umeshindwa.
Nikalala na hasira, viatu miguuni.

Alfajiri jua likagusa paneli, nikawasha
nione tu nimeandikiwa nini.
Meza ilikuwa vile vile.
Joka langu lisilo na kichwa limesimama palepale,
na pembeni, kila dakika nne na kitu,
mtu wa theluji, au wa wapi sijui,
alikuwa amebonyeza:
Subiri. Subiri. Subiri. Subiri.
Nilihesabu mara tisini na nane, nikaacha.
Chini kabisa: Zamu yako.

Nikaitoa ya kijani.
Sikuiweka kwa upole. Kitufe kidogo kile
nilikipiga kwa kiganja kizima,
meza ikaruka, kikombe kikamwagika.

(Alinishinda, usiulize. Zamu mbili, bila huruma.
Nikabonyeza Asante.)

Lakini kabla ya hapo, ule mlio ulipopita ukutani,
mama aliamka upande wa pili,
akakaa kimya kwanza,
halafu, polepole, akauliza:
«Nani anacheza?»